Faili Imefika, Lakini Ndiyo Yenyewe?

Anayejenga mfumo wa Linux kuanzia sifuri kwa kufuata kitabu cha Linux From Scratch, kazi iliyoanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999, huweza kukwama kabla hajajenga chochote. Sura ya tatu humtaka apakue misimbo chanzo yote: orodha ya anwani hupewa programu ya wget, na vifurushi zaidi ya 80, takribani megabaiti 500, huanza kushuka. Kisha kimoja hugoma. Ushauri anaoupata kwanza ni kurudia amri ileile. Mtandao ukiwa umekatika, ushauri huo unafaa. Vinginevyo unachanganya vitu viwili, yaani mahali faili ilipo na faili yenyewe. Anwani ni maelekezo ya njia tu. Utambulisho wa faili umo kwenye alama yake ya MD5, ule mfuatano wa herufi na tarakimu 32 ambao kitabu kinautoa kwa kila kifurushi. Anayeshika tofauti hiyo atabadilisha anwani apendavyo, lakini alama hataigusa.

Chukua zlib, maktaba ndogo ya kubana data. Toleo jipya likitoka, la zamani huondolewa kwenye anwani yake ya awali na kuwekwa katika saraka iitwayo fossils. Kitabu kilichotoka kabla ya hapo kinabaki kumtuma msomaji kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameshahama, na seva hujibu 404. Kurudia mara kumi ni kupata 404 kumi. Dawa ni kutafuta toleo lilelile kwingine: kwenye saraka hiyo, kwenye seva za nakala za mradi, hata kwenye flashi ya mwenzako aliyejenga mwezi uliopita, jambo ambalo mnunuzi wa bando atalithamini. Alama ikilingana, ilikotoka si hoja.

Hapo mtu atauliza: kama toleo jipya lipo, kwa nini nihangaike na la zamani? Kwa sababu maelekezo na viraka vya kitabu vilijaribiwa pamoja na matoleo yaliyotajwa. Kiraka hutafuta mistari fulani ndani ya msimbo. Mistari ikibadilika, kinaweza kukataliwa. Mbaya zaidi, ujenzi ukianguka katika sura ya nane, hutajua kama kosa ni lako au ni la toleo ulilolichomeka. Hoja ya usalama ni ya kweli, na mradi wenyewe hutoa matangazo ya udhaifu uliogunduliwa, lakini kifurushi cha kuboresha kwa hiari yako ni rahisi zaidi kukipima kwenye mfumo ambao tayari unawaka.

Ugonjwa mgumu zaidi ni wa faili iliyofika ikiwa kitu kingine. Wi-Fi ya hotelini inayotaka uingie kwanza inaweza kurudisha ukurasa wa HTML kana kwamba kila kitu ni shwari. Wget haina sababu ya kulalamika, na tar ndiyo hulalamika baadaye kwamba hii si gzip. Amri ya file ingefichua siri hiyo kwa sekunde moja. Na hapa ndipo kurudia kunapodhuru. Kitabu kinatumia chaguo la --continue, ambalo huangalia ukubwa wa faili iliyopo na kuomba kipande kilichobaki tu, bila kuchunguza kilichomo. Ukurasa ule unakuwa kichwa, kifurushi kinaunganishwa kiwiliwili, na ukubwa unaweza kutoka sawa hadi baiti ya mwisho. Faili yenye alama mbaya inafutwa kwanza, ndipo inapakuliwa upya. Namba ambayo wget huirudisha inapomaliza nayo isomwe kwa tahadhari: 4 ni mtandao, 5 ni cheti (saa ya kompyuta iliyorudi nyuma miaka inatosha kusababisha hili), 8 ni jibu la kosa kutoka kwa seva. Makosa yakiwa mengi, namba ndogo ndiyo hutangulizwa, kwa hiyo 4 huweza kuificha 8.

Wapo watakaosema MD5 imekufa tangu mwaka 2004, Xiaoyun Wang na wenzake walipoonyesha faili mbili tofauti zenye alama moja. Ni kweli, ila kutengeneza jozi ya namna hiyo si sawa na kughushi faili inayolingana na alama iliyokwisha kutangazwa. Hilo bado haliwezekani kivitendo. Pingamizi zito liko kwingine. Januari 2023 GitHub ilibadilisha jinsi inavyobana vifurushi vya msimbo vinavyozalishwa na mashine, na alama zikavunjika ilhali msimbo haukuguswa, hadi mabadiliko yakarudishwa nyuma. Mwaka 2024 ikawa kinyume: kifurushi cha xz 5.6.0 na mrithi wake 5.6.1 vilibeba mlango wa siri, na alama zao zingelingana kikamilifu, hata sahihi ya mtoaji ilikuwa halali. Sehemu ya kuuwasha mlango huo ilikuwa ndani ya kifurushi, haikuwa kwenye hazina ya git. Alama inathibitisha kwamba ulichonacho ni kilekile walichokuwa nacho wahariri wa kitabu. Kukilinganisha kifurushi na hazina yake ni kazi nyingine, na wget haiifanyi.