Rula Iliyolala Mezani

Mwalimu wetu wa Kiingereza, mzee wa kanzu safi na kalamu ya wino mwekundu, aliichukua rula siku moja, akailaza mezani polepole kama alazaye mtoto mchanga, kisha akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama kwa kitambo hata nasi tukaitazama pamoja naye. “Nimeilaza,” akasema, “sasa imelala.” Tendo la mkono wake lilikuwa *lay*, hali ya rula, baada ya mkono kuondoka, ilikuwa *lie*.

Kwetu sisi tulionyonya lala na laza pamoja na maziwa ya mama, tofauti hiyo ilikuwa nyepesi mno, na Waingereza wa kale nao walikuwa na jozi kama yetu, licgan na lecgan, wakigeuza irabu ya ndani pale ambapo sisi twageuza konsonanti ya mwishoni, na masalia ya kanuni hiyo yangaliko katika *sit* na *set*. Mashaka yako kwingine: hiyo *lay* ambayo leo ni kulaza, ndiyo pia *lie* ya jana, hata jana ya mmoja imekuwa leo ya mwenziwe. Basi mzee akaandika ubaoni, kwa hati ambayo sijaona mfano wake tena, *lie, lay, lain*, na chini yake *lay, laid, laid*, wala hakufuta mpaka juma likaisha.

Hata Lord Byron, katika sehemu ya nne ya *Childe Harold's Pilgrimage*, mwaka 1818, aliitia *lay* mahali pa *lie* kwa ajili ya kina; mwalimu alimsamehe, maana watu wa pwani twajua kina kinavyomdhili mtunzi. Sisi hakutusamehe. Aliyeandika *laying* pasi na kutaja kinacholazwa alirudishiwa daftari lenye swali moja pambizoni, “Mayai mangapi?”, kwani kitenzi hicho kikikosa yambwa, aghalabu mwenye kukitenda ni kuku atagaye.

Juzi nimesoma gazetini, katika habari ya Kiingereza iliyopita bila shaka mikononi mwa wahariri wenye shahada, kwamba mgonjwa fulani alikuwa *laying* kitandani siku tatu. Nikacheka peke yangu, nikainua kichwa nimtafute wa kumuuliza ni mayai mangapi, na barazani hapakuwa na mtu.