Istilahi za Simu za Wingu: Ulinganisho Uliopotoshwa na Tafsiri

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi za Kiswahili zinazotumiwa katika kulinganisha programu za simu za wingu, yaani zile zinazoziwezesha idara za mauzo na za huduma kwa wateja kupiga na kupokea simu kwa njia ya intaneti, pasipo kuwa na mtambo wa kuunganishia simu ofisini. Tumesukumwa kuandika baada ya ofisi moja kutuletea jedwali lililofasiriwa, ili tulikague kabla haijanunua. Jedwali lililinganisha huduma tatu: RingCentral, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999, Dialpad, ya huko huko Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2011, na Aircall, iliyoanzia Paris mwaka 2014. Karibu kila mahali palikuwa na alama ya ndiyo. Msomaji angedhani kwamba huduma hizo ni sawa na kwamba kilichobaki ni kutazama bei. Sisi tuliona kwamba hazikuwa sawa, bali zilisawazishwa na mfasiri.

Tuanze na kichwa cha jedwali. Mfasiri ametumia “usimamizi wa miito” kwa kazi za idara zote mbili. Lakini muuzaji kwa kawaida hupiga simu, hali mhudumu wa wateja huipokea. Wa kwanza anahitaji orodha ya watu wa kupigiwa na kumbukumbu za mazungumzo yaliyopita. Wa pili anahitaji njia ya kuwapanga wapigaji wengi na kumfikisha kila mmoja kwa mtu awezaye kumsaidia. Watengenezaji wenyewe wanalitambua jambo hili: Dialpad imetenga bidhaa moja kwa ajili ya mauzo na nyingine kwa ajili ya huduma kwa wateja, na RingCentral ilitoa RingCX mwaka 2023 kwa ajili ya vituo vya kuhudumia wateja, mbali na simu yake ya kawaida ya ofisi. Isitoshe, mwito ni kumtaka mtu aje, si mazungumzo ya simu. Kiswahili kilikwisha kuwa na kupiga simu na kupokea simu. Kuyaacha maneno hayo ni kuitupa tofauti ambayo tayari tulikuwa nayo.

Neno la pili ni “wakala”. Bei imeandikwa “kwa kila wakala kwa mwezi”. Kwa Mtanzania au Mkenya wa leo, wakala ni mwenye kibanda anayeweka na kutoa fedha kwa simu. Na kisheria ni mtu atendaye kwa niaba ya mwingine. Mkuu wa ofisi ile alidhani kwamba angelipia matawi yake 4, kumbe angelipia kila mtumishi atakayeingia katika programu, nao walikuwa 26. Bajeti yote ilikuwa imejengwa juu ya neno hilo moja. Tunapendekeza mhudumu kwa mtu mwenyewe, na nafasi ya mtumiaji kwa kile kinacholipiwa.

Neno la tatu ni “kusubiri”. Kusubiri katika simu ni kwa namna mbili. Aliye katika foleni hajapokelewa na mtu. Aliyesubirishwa amekwisha kupokelewa, kisha mhudumu akamwomba angoje. Dawa ya foleni ni kuongeza wahudumu au kupanga upya zamu zao. Na hesabu za jambo hilo zina asili katika kazi alizozichapisha mwaka 1909 na 1917 Mdenmarki Agner Krarup Erlang, mtumishi wa kampuni ya simu ya Copenhagen. Dawa ya kusubirishwa ni tofauti: mhudumu afundishwe, au apewe taarifa anazohitaji mbele yake. Ripoti inayojumlisha yote mawili chini ya “muda wa kusubiri” haimwambii mkuu wa idara aajiri au afundishe. Kwa hiyo foleni na kusubirisha yasichanganywe.

Neno la nne lina madhara yanayotoka nje ya ofisi. Jedwali linasema kwamba programu zote “hupiga kiotomatiki”. Ipo programu inayopiga namba moja baada ya nyingine, mhudumu akiwa tayari. Hiyo tungeiita kupiga kwa mfululizo. Ipo nyingine inayopiga namba nyingi kwa pamoja, ikikisia kwamba baadhi ya watu hawatapokea. Hiyo tungeiita kupiga kwa kukadiria. Kadirio likikosea, mtu huacha kazi yake, akapokea simu, akakuta hakuna wa kusema naye. Kero hiyo iliilazimu Marekani, katika kanuni zilizorekebishwa mwaka 2003, kuweka kikomo: simu zinazoachwa hivyo zisizidi asilimia 3 ya zile zilizopokelewa na watu. Mnunuzi asiyeonyeshwa tofauti hii huenda akawaudhi watu aliokusudia kuwavuta.

Mwisho ni “wingu” lenyewe. Hatupendekezi liondolewe, kwani limekwisha kuenea. Hata neno simu, ambalo asili yake ya Kiajemi inahusu waya, limeendelea kutufaa baada ya waya kuondoka. Lakini wingu halina mwenyewe wala mahali, ilhali mazungumzo yaliyorekodiwa yamo katika kompyuta za mtu fulani, katika nchi fulani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Basi penye neno wingu pawe na fasili: mtambo ulio nje ya ofisi, unaofikiwa kwa intaneti na kulipiwa kwa muda; na mahali ulipo patajwe.

Haki yadai tuseme pia yaliyo mema. Kwa kitendo cha msimamizi kusema na mhudumu bila mteja kusikia, mfasiri ameandika kunong'oneza. Hatukuona neno lifaalo zaidi, nasi tunalichukua kama lilivyo. Linathibitisha kwamba upungufu wa jedwali haukutokana na uchache wa maneno ya Kiswahili. Mfasiri alifasiri vichwa vya safu pasipo kuuliza kila chombo kinafanya nini. Ofisi ile imelirudisha jedwali kwake, na ununuzi umesimama kwa sasa.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, watuletee maoni, hasa pale watakapoona kwamba mazoea ya wasemaji yamekwisha kutupatia neno bora zaidi.