"Timari" si Ukabaila

Wafasiri wa historia ya Dola ya Osmani katika karne ya 14 na ya 15 huvutwa kuuita utaratibu wa timari "ukabaila". Istilahi hiyo imezoeleka, lakini hapa inapotosha maana.

Kabaila, kama tujuavyo, ni mwenye ardhi aishiye kwa jasho la walimao, na ardhi hiyo huwarithisha wanawe. Mpewa timari hakuwa hivyo. Sehemu kubwa ya ardhi ya kilimo ilikuwa mali ya dola. Yeye alipewa haki ya kukusanya kodi za vijiji vilivyoandikwa daftarini, na kwa ajili hiyo alilazimika kwenda vitani na farasi wake. Asipoitikia mwito, alinyang'anywa. Daftari la Albania la mwaka 1431-32 linaonyesha kuwa hata Wakristo walipewa timari. Ndivyo Sultani alivyopata wapanda farasi wengi pasipo kuwalipa mshahara kutoka hazina, na ndivyo alivyowazuia wasijimilikishe nchi.

Mwanafunzi anayesomeshwa "ukabaila" hawezi kuielewa siri hii ya nguvu za dola hiyo. Kwa hiyo yafaa neno "timari" litumike kama lilivyo, na mwenye haki hiyo aitwe "mpewa timari". Kiswahili kina "daftari", neno lile lile walilotumia makarani wa Osmani. Hakitashindwa kulipokea na hili.