Rafiki wa Njia Moja: Namna ya Kusoma Zaburi ya 54

Zaburi ya 54 (ya 55 kwa hesabu ya Kiebrania) tunaikuta katika sala ya mchana, Jumatano ya juma la pili. Wengi wetu tunaipita mbio, sababu kazi zinangoja na jua ni kali. Ni hasara. Ni zaburi ya mtu aliyesalitiwa na rafiki yake, na ufundi wake hauonekani kwa msomaji wa mbio.

Tuangalie kwanza mwendo wake. Mtunzi anaanza kwa woga mkubwa, hata anatamani kuruka kama njiwa na kujificha jangwani. Kisha anatuonyesha mji uliojaa ugomvi na hila. Mpaka hapo adui ni "wao", watu wasio na sura. Halafu, kwa ghafula, anageuka na kusema "wewe". Huyu ni mwenzake, waliyeongea siri na kwenda pamoja nyumbani mwa Mungu. Sisi tunaona hapa ndipo moyo wa zaburi nzima. Adui wa kawaida mtu humkimbia ao humjibu. Rafiki aliyepiga magoti kando yako huharibu hata kumbukumbu ya sala. Waseminari watafahamu bila kuelezwa.

Wayahudi wa kale walisema rafiki huyo ni Ahitofeli, mshauri wa Daudi aliyekwenda upande wa Absalomu. Kichwa cha zaburi hakisemi hivyo. Kinamtaja Daudi tu. Lakini tukiweka habari ile (2 Sam 15–17) kando ya zaburi, tunafaidika. Daudi anapanda Mlima wa Mizeituni miguu mitupu, akilia. Anapoambiwa kwamba Ahitofeli yumo kati ya waasi, hamwombei kifo: anaomba tu shauri lake ligeuke upumbavu. Tena hakai na kukunja mikono. Anamrudisha Husai mjini kusudi aliharibu shauri lile. Ahitofeli alitaka kumfuata Daudi usiku uleule na watu 12,000, na kwa mambo ya vita shauri lake lilikuwa zuri. Absalomu akamsikiliza Husai. Basi Ahitofeli akatandika punda, akaenda kwao, akapanga mambo ya nyumba yake, akajinyonga.

Wahubiri wengine wanashangilia hapo na kusema: tazameni haki ya Mungu! Hatukubaliani nao. Biblia yenyewe inasimulia kifo hicho bila shangwe. Tena inatoa majina mawili ya kulinganisha: Betsabea ni binti wa Eliamu (2 Sam 11,3), na kati ya mashujaa wa Daudi yuko Eliamu mwana wa Ahitofeli (23,34). Kama ni Eliamu mmoja, basi Ahitofeli alikuwa babu wa mwanamke yule ambaye Daudi alimtwaa, kisha akamwulisha mume wake Uria, askari mwaminifu. Aliyesalitiwa alikuwa amesaliti mbele. Anayeomba haki ya Mungu anaomba taa iletwe nyumbani mwake, nayo itaangaza pembe zote.

Mstari wa 16 unawaombea adui kifo cha ghafula. Liturujia ya Vipindi ya 1971 iliuacha, kama ilivyoacha zaburi 3 nzima za namna hiyo (57, 82 na 108). Tunafahamu sababu, hasa kwetu, ambako wengine husoma zaburi usiku juu ya jina la jirani, kana kwamba ni dawa ya kumloga. Hata hivyo tunawaomba waseminari waufungue katika Biblia. Mwenye kusema neno lile kali anamwambia Mungu, wala hachukui mkuki. Tukiondoa hasira yake, hatuoni tena ni mzigo gani anaoutupa kwa Bwana karibu na mwisho.

Na mwisho huo hauna utulivu. Nyuma ya kusema kwamba Mungu anamsikia, mtunzi anarudi tena kwa yule rafiki na maneno yake laini. Wataalamu wengine wanadhani mistari imechanganyika. Labda. Lakini padri aliyekaa miaka michache katika kiti cha maungamo hatashangaa: mtu husema amesamehe, na dakika mbili nyuma anafunua kidonda kilekile. Zaburi inamwachia nafasi ya kufanya hivyo. Inamalizika na mtu mmoja anayesema atamtegemea Mungu, na rafiki bado hajarudi.