"Pori Tupu": Uhakiki wa Usemi Mmoja katika Habari za Mwese

Msomaji wa habari zihusuzo magharibi ya Tanzania hukutana mara nyingi na usemi "pori tupu", naye huuchukua kuwa maelezo ya nchi ilivyo. Kwa nyanda za juu za Mwese, mashariki ya Ziwa Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi wa leo, hapana budi kuuliza utupu huo ulitoka wapi.

Henry Morton Stanley alipita Ukawendi mwaka 1871, akienda Ujiji kumtafuta Livingstone. Vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia iliyo fupi, ndipo akazunguka kusini. Yafaa ikumbukwe kwamba alikuwa mwandishi wa gazeti, ametumwa na New York Herald, na gazeti lilitaka kisa cha Mzungu kumkuta Mzungu mwenziwe. Katika kisa cha namna hiyo nchi ya katikati huwa njia tu. Kitabu chake cha 1872 kimejaa misitu na wanyama wa kuwindwa. Wenyeji huonekana zaidi wanapodai hongo, wanapouza chakula au wanapochukua mizigo. Si kwamba aliisingizia miti. Aliandika kile alichokihitaji.

Watongwe na Wabende walikaa katika vijiji vidogo vilivyo mbalimbali, wakahama shamba lililochoka, wakatundika mizinga ya nyuki. Kwao msitu ulikuwa sehemu ya makao. Na hapa ndipo lugha yenyewe inapotoa ushahidi. "Tupu" katika Kiswahili lina maana mbili: kisicho na kitu ndani yake, na kisichochanganyika na kingine, kama isemwavyo "uwongo mtupu". Msafiri wa kawaida akisema "pori tupu" aweza kuwa na maana ya pili: hapa ni miti na miti. Habari za utawala huelekea kuichukua ile ya kwanza, na kutoka hapo ni hatua fupi kufikia nchi isiyo na mwenyewe.

Hata palipopungua watu kweli, sababu zake zajulikana. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977, ameeleza jinsi sotoka, ndui, funza na vita vilivyoharibu makazi ya watu. Kisha utawala wa Kiingereza ukawahamisha wengi wa magharibi na kuwakusanya pamoja kwa ajili ya malale. Utupu, basi, ulitengenezwa, ukaitwa asili.

Katika miaka ya 1960 wakimbizi wa Kitutsi kutoka Rwanda waliwekwa Mwese. Nao walikuwa na hadithi yao waliyobandikwa, ile ya Speke ya 1863, kwamba chimbuko lao ni Uhabeshi. Hivyo watu waliohesabiwa wageni popote wakaandikwa kuwa wamepelekwa mahali pasipo wenyeji. Madai ya Mtongwe juu ya makaburi ya wazee wake, na ya Mnyarwanda aliyefunguliwa mlango wa uraia mwaka 1980, yakapotea pamoja.

Wako wanaodhani kuwa dawa ni kumtangaza Mtongwe peke yake kuwa mwananchi halisi. Huko ni kupima kwa kipimo kile kile cha Speke. Mwandishi aendaye Mwese aanze kwa kuuliza jina la kila mto, lilitolewa na nani, na mizinga iliyo mtini ni ya nani.