Mpishi, Shefu na Mnyapara

Wafasiri wa vipindi vya mapishi vya televisheni wana mazoea ya kuandika "mpishi" kila wakutanapo na neno la Kifaransa "chef". Asili ya neno hilo ni mkuu au kiongozi. Halisemi lolote juu ya chungu wala mwiko. Kasoro ya mazoea hayo yaonekana tukiwalinganisha Julia Child na Gordon Ramsay, ambao wote huitwa mpishi.

Child, Mmarekani, alianza kipindi cha "The French Chef" mjini Boston mwaka 1963. Jina hilo lilimvika sifa mbili asizozidai: hakuwa Mfaransa, na mwenyewe alijihesabu mpishi na mwalimu, si shefu. Ustadi wake ulikuwa wa kufundisha. Siku moja alirusha chapati ya viazi ili aigeuze, ikamwagika juu ya jiko. Akaizoa, akairudisha kikaangoni, akawaambia watazamaji kwamba jikoni mtu yu peke yake, hakuna amwonaye. (Wasimuliao kwamba aliangusha kuku sakafuni wametia chumvi.) Mtazamaji alijifunza namna ya kuokoa chakula kilichoharibika, jambo ambalo vitabu vingi vya mapishi havilitaji.

Ramsay ni mtu mwingine kabisa. Mkahawa wake wa Chelsea, London, ulipata nyota 3 za Michelin mwaka 2001, hivyo ustadi wake hauna shaka. Lakini katika "Hell's Kitchen", kilichoanza Uingereza mwaka 2004, hapiki ila kwa nadra: huonja, hukataa, hufoka. Ukali huo si tabia yake yote, maana katika "MasterChef Junior" cha Marekani, kilichoanza mwaka 2013, ni mpole kwa watoto. Ukali ni wa cheo anachokiigiza.

Kwa cheo hicho Kiswahili kina neno la karibu zaidi, nalo ni mnyapara, lililovuma kwa viongozi wa misafara ya Wanyamwezi katika karne ya 19. Bahati mbaya limekwisha kushika harufu ya jela, wala halifai kuandikwa katika cheti. Yafaa basi "mpishi mkuu" awe aongozaye jiko, na "mpishi" awe apikaye. Wasukuma hawachanganyi michembe, yaani viazi vitamu vilivyoanikwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza. Hatuoni kwa nini sisi tuchanganye watu.

Jambo hili halikomei katika televisheni. Tangazo la kazi katika kambi ya mgodi likisema "anatakiwa shefu", mama lishe wa Geita aliyezoea kulisha wachimbaji wadogo 60 kwa sufuria mbili atalipita, hata kama kinachotakiwa ni mpishi tu. Likisema "mpishi", na kazi yenyewe ni kuongoza watu 10 na kutunza bohari ya chakula, ataajiriwa kweli, lakini kwa ujira wa mpishi.