Alama Ubaoni: Mchezo Uliotuliza Darasa la Nne

Mwaka 1969, Harriet Barrish, Muriel Saunders na Montrose Wolf walichapisha ripoti kuhusu darasa la nne lenye wanafunzi 24 katika jimbo la Kansas, Marekani. Saba kati ya watoto hao walikuwa wameshapelekwa kwa mwalimu mkuu mara kadhaa kwa utundu. Watafiti waligawa kipindi cha hesabu katika dakika moja moja, wakaandika kila dakika ambayo mtu alizungumza bila ruhusa au aliondoka mahali pake. Kwa kawaida, asilimia 96 ya dakika hizo zilikuwa na mazungumzo, na asilimia 82 zilikuwa na watoto waliosimama au kuzurura. Ulipoanza mchezo walioubuni, takwimu hizo zilishuka hadi 19 na 9. Mwalimu alikuwa yuleyule na wanafunzi walewale.

Kazi ilianzia kwenye kanuni. Shule nyingi hubandika ukutani maneno kama “kuwa na nidhamu” au “usipige kelele”, ambayo kila mtu huyaelewa kivyake. Kanuni za Kansas zilitaja vitendo: kuondoka kitini bila ruhusa, kukalia dawati, kusogeza dawati, kusema au kunong’ona bila kuruhusiwa. Kitendo kinahesabika, na mtoto hawezi kubishana na mwalimu kama kakifanya au hakukifanya.

Kisha darasa likagawanywa timu mbili. Kila mtoto alipovunja kanuni, timu yake iliwekewa alama ubaoni papo hapo, mbele ya wote. Timu yenye alama chache zaidi ndiyo iliyoshinda. Lakini timu zote mbili ziliweza kushinda pamoja iwapo hakuna iliyozidi alama tano. Kikomo hicho ndicho mhimili wa mpango mzima. Bila hicho, timu iliyoachwa nyuma asubuhi haina sababu ya kutulia mchana, na iliyo mbele inafaidika wapinzani wakichokozwa hadi wavunje kanuni. Zawadi nazo zilitoka humohumo shuleni: kutangulia kwenye foleni ya chakula, nyota kwenye chati, na nusu saa ya shughuli za kujichagulia mwisho wa siku.

Ukiuweka mpango huu kando ya orodha ya wapiga kelele, ambayo karibu kila aliyesoma Tanzania au Kenya anaijua, tofauti inajitokeza. Mwalimu anatoka, kiranja anabaki na karatasi. “Kelele” ni nini anaamua yeye, na rafiki zake huponea hapo. Jina likishaandikwa, mwenye jina hana tena cha kupoteza, kwa hiyo anaendelea. Adhabu huja baadaye, kitendo chenyewe kimeshasahaulika. Tena karatasi haina nafasi ya waliotulia. Ubao wa Kansas uliziba mianya yote: hesabu ilikuwa ya mwalimu, ilionekana na wote, ilikuja wakati uleule, na utulivu ulikuwa na malipo.

Je, tutajuaje kwamba mchezo ndio uliofanya kazi, wala si watoto kuzoea kutazamwa? Watafiti waliuanzisha kwenye hesabu pekee, huku kipindi cha kusoma kikiendelea kama zamani. Baadaye wakauondoa kwenye hesabu na kuupeleka kwenye kusoma. Fujo ya hesabu ikarudi, ya kusoma ikapungua. Waliporudisha mchezo kwenye vipindi vyote viwili, vyote vikatulia.

Mchezo ulikuwa na ufa pia. Baadhi ya watoto walikataa kucheza na kuanza kuiponza timu yao. Mwalimu aliwatenga na timu, alama zao zikahesabiwa peke yake. Hatua hiyo haiepukiki: kundi zima likiadhibiwa kila siku kwa sababu ya mmoja, hasira yao humwangukia huyo mmoja nje ya darasa.

Miaka ya 1980 mchezo ulijaribiwa kwa upana zaidi Baltimore, Maryland, katika shule 19, kuanzia darasa la kwanza. Walimu walianza kwa dakika chache mara tatu kwa wiki, kisha wakarefusha muda, na baadaye wakaucheza bila kutangaza, zawadi zikicheleweshwa. Lengo lilikuwa utulivu ubaki hata alama zisipokuwapo. Wavulana waliokuwa wakorofi zaidi walipofuatiliwa hadi utu uzima, waliopitia mchezo walikuwa na matatizo machache ya dawa za kulevya kuliko wenzao.

Kwa mwalimu mwenye wanafunzi themanini, mistari ya madawati inatosha kuwa timu, na chaki ndiyo gharama pekee. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na walimu wengi wangali wanatafuta cha kushika mahali pa fimbo. Anayetaka kujaribu asianze na zawadi. Wiki ya kwanza ahesabu kimyakimya ni mara ngapi kila kanuni inavunjwa katika kipindi kimoja, kisha aweke kikomo kilicho chini kidogo ya hapo, akishushe darasa likizoea. Akianza na tano kwa darasa lililozoea makosa hamsini, timu zote zitashindwa siku ya kwanza, na siku ya pili hakuna atakayetazama ubao.